Mtoto Asiyekuwamo Daftarini

Mwaka 1978 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Elimu Namba 25. Sheria hiyo ilimtaka kila mtoto aliyefikisha miaka 7 aandikishwe shule ya msingi na ahudhurie mpaka amalize. Mwaka huohuo mtafiti Victor Lotter alichapisha matokeo ya kazi yake ya kuwatafuta watoto wenye usonji katika miji 9 ya nchi 6 za Afrika. Alipita Ghana, Nigeria, Kenya, Zambia, Zimbabwe ya leo na Afrika Kusini. Aliingia kwenye vituo vya watoto waliohesabiwa kuwa na ulemavu wa akili, akachunguza watoto zaidi ya 1,300, na kati yao akawatambua 9 tu kuwa na usonji. Tanzania haikuwamo katika safari yake.

Ziweke karatasi hizo mbili mezani, uzisome pamoja. Ya kwanza inamdai kila mtoto bila kumbagua. Ya pili inamwambia msomaji kwamba mtoto mwenye usonji ni nadra sana barani kwetu, na kwa miaka mingi baadaye ilikuwapo dhana kwamba usonji ni jambo la nchi za viwanda. Lakini Lotter alitafuta kwenye vituo. Mtoto wa Msimbati, wa Kitaya au wa Mikindani, mkoani Mtwara, hakuwa kwenye kituo chochote. Alikuwa nyumbani, uani, akizungushazungusha kifuniko cha sufuria mpaka jua linatua, huku bibi yake akimwita kwa jina mara kumi bila kugeuka. Majirani walisema ana shetani, wengine walisema ni bubu, wengine walimwita zezeta mbele ya mama yake. Hakuna aliyemhesabu.

Nimeifuatilia historia ya mtoto huyo katika shule za pwani yetu ya kusini kwa sababu inaonyesha kitu ambacho mijadala ya elimu jumuishi hukiruka. Mara tatu dola yetu imefungua mlango wa shule kwa nguvu: mwaka 1977, mwaka 2002 na mwaka 2016. Mara zote tatu ilikuwa kazi kubwa na ya kheri. Mara zote tatu kilichokuwa kinaendelea ndani ya darasa, katika dakika arobaini za somo moja, kiliachwa mikononi mwa mwalimu mmoja ambaye hakuna aliyekuwa amemwandaa. Na kwa mtoto mwenye usonji, dakika hizo arobaini ndizo shule yenyewe.

Kabla ya shule ya serikali palikuwa na chuo. Mikindani, mji wa Waswahili wenye umri mkubwa kuliko Mtwara yenyewe, ulikuwa na vyuo vya Kurani kabla Wajerumani hawajajenga boma lao mwaka 1895. Chuoni watoto wa rika mbalimbali hukaa kwenye mkeka mmoja, kila mmoja na juzuu yake. Mwalimu humwita mmoja mmoja amsikilize. Huyu yuko kwenye alifu na bee, yule anaunganisha, mwenzao anakaribia kuhitimu. Anayechelewa hawacheleweshi wengine, na wala haburutwi awafuate. Asubuhi hufanana na asubuhi, aya hurudiwa hadi zikae. Kwa mtoto anayetulizwa na mpangilio usiobadilika, huo ni utaratibu wa kheri, na baadhi yao waliokuwa na sauti na kumbukumbu kali bila shaka walihifadhi sura ndefu huku watu wakishangaa kwamba hawajui kuamkia.

Sisemi chuo kilimtosha kila mtoto. Sauti za watoto arobaini wakisoma kwa pamoja, kila mmoja aya yake, ni mateso kwa sikio linalosikia kupita kiasi. Bakora ilikuwapo. Na mtoto asiyetamka neno alirudishwa nyumbani, kwa kuwa kazi yote ya chuo ni ya ulimi. Hata hivyo mfano ulikuwapo hapa ufukoni, karne nyingi kabla ya mikutano ya kimataifa: kundi moja, mwalimu mmoja, na kila mtoto na hatua yake.

Darasa la mwendo mmoja lilikuja na wamisionari na serikali ya kikoloni. UMCA walianzisha kituo chao Masasi mwaka 1876, Wabenediktini wakajenga Ndanda mwaka 1906, na shule zao zikawalea viongozi wengi wa kusini. Ubao mmoja, somo moja, watoto wa umri mmoja, mtihani mmoja mwisho wa safari. Anayeshindwa anaachwa nyuma. Mfumo huo tumeurithi na tukauzoea hadi tukasahau kwamba uliwahi kuwa mgeni.

Wamisionari ndio walioanza elimu maalumu Tanganyika. Waanglikana walifungua shule ya watoto wasioona Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Miaka ya mwanzo ya uhuru ikaleta shule ya viziwi Tabora na ya wasioona Irente, Lushoto. Mwaka 1966 shule ya Uhuru Mchanganyiko, Dar es Salaam, ikaanza kuwapokea watoto wasioona pamoja na wanaoona. Usonji haukuwamo katika orodha hiyo, na sababu yake si ngumu kuiona: jicho lisiloona hutambuliwa na mtu yeyote, sikio lisilosikia hugunduliwa mapema au baadaye, lakini mtoto mzima wa mwili, mwenye sura nzuri, anayesikia kuku akitoa sauti nyuma ya nyumba na asiyeitikia jina lake, aliwachanganya hata madaktari. Leo Kanner alikuwa ameandika habari za watoto 11 wa namna hiyo huko Baltimore mwaka 1943. Miaka ishirini na zaidi baadaye, wasomi wenye jina kubwa Marekani bado walikuwa wakiwalaumu akina mama kwamba ubaridi wao ndio uliowafunga watoto. Bibi wa Mikindani aliyesema ni shetani angalau hakumtupia lawama binti yake.

Sasa tufike UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, kwa sababu hapo ndipo Mtwara inapoingia kwenye historia hii kwa mguu wake.

Vita vya ukombozi wa Msumbiji viliusogeza mpaka wa Ruvuma karibu na kila nyumba. Vijiji vya ukanda huo vilikusanywa mapema, kwa ujamaa na kwa usalama, na Mtwara ukawa miongoni mwa mikoa iliyotangulia kwa wingi wa vijiji vya ujamaa. Novemba 1974 TANU ikakutana Musoma na kuamua kwamba elimu ya msingi kwa wote isingojee hadi mwishoni mwa miaka ya themanini. Ifike mwaka 1977. Wananchi wakafyatua matofali, wakakata miti, wakaezeka. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakafundishwa ualimu huku wakiwa tayari wanafundisha. Watu waliwaita walimu wa UPE, wakati mwingine kwa dharau, na dharau hiyo naiona haina haki. Vijana wale waliwabeba mamilioni ya watoto.

Kijijini palikuwa na balozi wa nyumba kumi. Kwa mara ya kwanza, dola ilikuwa na mtu aliyejua kwamba katika nyumba ya fulani, chumba cha uani, kuna mtoto wa miaka 8 ambaye haendi popote. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Balozi aliweza kumwambia baba mtu, "Ndugu, mwanao naye aandikwe." Na wapo walioandikwa.

Lakini fikiria darasa alilopelekwa. Kengele ni ringi la lori lililotundikwa kwenye mkorosho, likigongwa kwa chuma, na mlio wake hupenya hadi kwenye meno. Watoto hukimbia mstarini, wanasukumana, wanaimba. Ndani, watatu au wanne kwenye dawati moja, bega kwa bega. Mwalimu akiingia, wote husimama kwa kishindo na kuitikia kwa sauti moja. Maswali hujibiwa kwa kuitikia pamoja, kwa nguvu, kwa kuwa mwalimu ana watoto wengi na hiyo ndiyo njia ya kuwashika. Mvua ya masika ikipiga mabati, hakuna anayemsikia mwenzake, na wengi hufurahi. Mtoto mwenye usonji huziba masikio, hujikunja chini ya dawati, au hutoka mbio. Mwalimu wa miaka 19, ambaye hajawahi kuambiwa kwamba kuna kitu kama hicho, huona utundu au ukaidi. Fimbo iko juu ya meza. Baada ya wiki mbili au tatu mama mtu anaambiwa kwa upole, "Mama, huyu hawezi shule," naye anamrudisha nyumbani akiwa ameshikwa mkono. Daftarini jina linakatwa kwa wino mwekundu, na linahesabiwa utoro.

Ni kweli kwamba mwaka 1976 mafunzo ya walimu wa elimu maalumu yalianza katika Chuo cha Ualimu Tabora. Waliohitimu walikuwa wachache, na walipangwa kwenye shule za wasioona na viziwi. Mwaka 1981 ulikuwa Mwaka wa Kimataifa wa Watu Wenye Ulemavu, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria mbili kuhusu ajira na matunzo yao. Kisha uchumi ukaanguka. Kuchangia gharama kukarudi, karo ikarudi, na kufikia mwaka 2000 kipimo cha jumla cha uandikishaji wa shule za msingi kilikuwa chini ya asilimia 80. Mzazi anayechagua ni mtoto gani kati ya watano amlipie, hamchagui yule anayerudishwa nyumbani kila wiki.

Mabadiliko ya kwanza ya kweli kwa watoto wenye usonji hayakutoka wizarani. Yalitoka kwa wazazi wa Dar es Salaam, wengi wao wenye uwezo wa kufika Muhimbili, wakapewa jina la hali ya watoto wao, wakatafutana na kuunda chama, NAP-T. London wazazi walikuwa wamefanya hivyohivyo mwaka 1962, na shule ya kwanza ya watoto wao ikafuata baada ya miaka michache. Dar es Salaam walipata kitengo ndani ya shule ya kawaida, Msimbazi Mseto, Ilala. Kitengo ni chumba au viwili katika uwanja wa shule ya wote, chenye walimu wake na watoto wachache. Nairobi walifuata njia hiyo mwaka 2003: mwaka ambao Kenya ilifuta karo ya shule za msingi, wazazi wa Autism Society of Kenya walipata kitengo ndani ya City Primary School.

Mzazi wa Mtwara angefanya nini na habari hiyo? Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550, na kabla ya Agosti 2003, Daraja la Mkapa lilipofunguliwa, Rufiji ilivukwa kwa kivuko. Masika yakikolea, magari yalilala siku kadhaa yakingoja maji yapungue au tope likauke. Watu walisafiri kwa meli walipoipata. Kumpeleka mtoto asiyevumilia kelele wala kubadilishiwa ratiba katika safari ya namna hiyo, ili akapimwe na kurudi na karatasi, ilikuwa adhabu kwa wote wawili. Kusini mara nyingi huelezwa kuwa imechelewa kimaendeleo, kana kwamba watu wake hawakutaka. Kwa habari hii naukataa usemi huo. Mtaalamu alikaa ng'ambo ya mto usio na daraja.

Benjamin Mkapa, aliyejenga daraja hilo na ambaye jina lake limewekwa juu yake, alizaliwa Lupaso, Masasi, na kusoma Ndanda. Ndiye aliyefungua mlango mara ya pili. Kupitia MMEM, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, karo ya shule ya msingi iliondolewa na mwaka 2002 watoto wakamiminika. Ndani ya miaka michache kipimo cha jumla kikavuka asilimia 100, kwa kuwa waliokwisha kupitwa na umri nao waliingia. Mwaka huohuo, 2002, zilitoka pia kanuni mpya za adhabu ya viboko mashuleni: visizidi vinne, na vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Kwa mtoto wa kawaida kanuni hiyo ilipunguza maumivu. Kwa mtoto mwenye usonji haikugusa tatizo, kwa sababu alikuwa anachapwa kwa kupeperusha mikono, kwa kurudia swali badala ya kulijibu, kwa kutomtazama mwalimu machoni. Mambo ambayo mwili wake huyafanya ili ujitulize. Viboko vinne kwa sababu ya kupumua bado ni viboko kwa sababu ya kupumua.

Dunia ilikuwa imekwisha kubadili lugha. Mwezi Juni 1994, huko Salamanca, Hispania, wajumbe wa serikali 92 walikubaliana kwamba shule ya kawaida ndiyo mahali pa watoto wote. Tanzania ilianza majaribio ya elimu jumuishi Temeke mwaka 1998 kwa msaada wa UNESCO. Zanzibar ilikwenda mbali zaidi katikati ya miaka ya 2000. Huko chama cha wazazi na watu wenye ulemavu wa akili, ZAPDD, kilichoanzishwa mwaka 1999, kilishirikiana na wizara kuingiza watoto katika madarasa ya kawaida, Unguja na Pemba, kikiwa na walimu washauri wanaozunguka shule kwa shule. Wao husema elimu mjumuisho. Huo mfano wa mwalimu anayezunguka ndio ningependa Mtwara iutazame kwa makini, kwa sababu umetokea pwani ya namna moja na yetu, penye madarasa yaliyojaa kama yetu na lugha ileile.

Lushoto, Shule ya Irente Rainbow ilianza mwaka 2005 kuwapokea watoto wenye ulemavu wa akili na usonji, na Chuo Kikuu cha Sebastian Kolowa kilipoanza mwaka 2007 kikatoa shahada ya elimu maalumu. Chuo cha Ualimu Patandi, karibu na Arusha, kilikuwa kimekwisha kuwa kitovu cha stashahada ya fani hiyo. Ukitazama ramani utaona: Lushoto, Arusha, Dar es Salaam. Mwalimu wa Nanyamba au Tandahimba anayetaka kusomea usonji anavuka nchi nzima.

Mwaka 2006 ulitoka utafiti mdogo ambao kwa mkazi wa ufuko huu una uzito wa pekee. Watafiti, akiwamo Noah Ndosi wa Muhimbili na Susan Folstein, ambaye mwaka 1977 alikuwa ameonyesha pamoja na Michael Rutter, kwa kuwachunguza mapacha, jinsi urithi unavyochangia usonji, waliwachunguza watoto 20 wa Tanzania. Watoto 14 walitimiza vigezo vya utafiti. Watatu kati ya hao walikuwa wamekua vizuri hadi umri wa karibu miaka miwili, mitatu au mitatu na nusu, kisha wakapata malaria kali yenye homa ya muda mrefu na degedege, na walipopona wakawa na usonji. Kwa wengine wanne, maradhi na usonji vilifuatana kwa karibu bila uhusiano kuwa wazi. Kwa saba waliobaki, malaria haikuhusika.

Watoto kumi na wanne si taifa, na watafiti hawakudai hivyo. Lakini soma matokeo hayo ukiwa Mtwara, mahali ambapo degedege ni adui wa zamani na ambapo familia nyingi zilikuwa zikimkimbiza mtoto kwa mganga kwanza zikiamini kwamba sindano humuua mwenye degedege. Akina mama wengi wa hapa wamekuwa wakisema, "Alikuwa anaongea. Aliniita mama. Akaugua, akanyamaza." Kwa miaka mingi maneno hayo yalisikilizwa kama kilio cha mzazi aliyechanganyikiwa. Utafiti huo uliwaambia madaktari kwamba baadhi ya akina mama hao walikuwa wanatoa historia ya ugonjwa, kwa usahihi, na ilibidi iandikwe.

Na hapo shule na malaria vikakutana kwa njia nyingine. Mwaka 2013 serikali ilianzisha mpango wa kugawa vyandarua kupitia shule, na mikoa iliyoanza ni Lindi, Mtwara na Ruvuma. Wanafunzi wa madarasa yaliyochaguliwa walipewa chandarua kila mmoja wakapeleka nyumbani. Mpango ulikuwa wa busara. Ulitumia daftari la mahudhurio kama orodha ya kaya. Nyumba yenye watoto kadhaa shuleni ilipata. Mtoto aliyefichwa uani alilala chini ya chandarua cha ndugu yake, kama kilitosha, kwa sababu jina lake mwenyewe halikuwa kwenye orodha yoyote.

Sheria nayo ilikuwa imepiga hatua. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Namba 9 ya mwaka 2010 ikasema kwamba kila mtoto mwenye ulemavu atasoma shule ya kawaida, ya serikali au binafsi, isipokuwa pale panapohitajika mawasiliano maalumu. Kifungu hicho kiliandikwa kwa nia njema, nadhani kwa kuwafikiria viziwi na lugha yao ya alama. Lakini kwa mtoto mwenye usonji ni mlango wenye komeo la ndani. Mawasiliano ndiyo hasa yanayomtofautisha. Mwalimu mkuu asiyemtaka anaweza kuinukuu sheria ileile inayomlinda, akasema kwa adabu kwamba shule yake haina mawasiliano maalumu. Nadhani Bunge likipata nafasi likirudie kifungu hicho.

Januari 2016 elimu bila malipo ilianza, mlango wa tatu. Michango iliyokuwa imechukua nafasi ya karo ikapigwa marufuku, na madarasa ya kwanza yakafurika tena. Mtwara ikaingia pia katika miradi ya kusoma na kuandika iliyofadhiliwa na Marekani, Tusome Pamoja na baadaye Jifunze Uelewe, iliyofanya kazi pia Ruvuma, Iringa, Morogoro na Zanzibar. Walimu wa madarasa ya awali walipata mafunzo, vitabu vyenye picha vikafika vijijini, na walimu wakazoea kumsikiliza mtoto mmoja mmoja akisoma ili wajue amefika wapi. Hilo la mwisho lilinifurahisha kuliko vitabu. Ni chuo cha Kurani kilichorudi darasani kwa mlango wa nyuma.

Nimetaja kitengo mara kadhaa, na mjadala wake haujaisha. Wapo wanaokiona kitengo kuwa utengano uliovaa sare ya shule: watoto wanakunywa uji chini ya mwembe mmoja na wenzao, kisha kila kundi linarudi chumbani kwake, na miaka saba inapita hivyo. Wana sababu. Lakini kumwingiza mtoto moja kwa moja kwenye darasa la watoto tisini, bila mtu, kwa jina la ujumuishi, ni kurudia mwaka 1977. Ninachoamini ni kwamba kitengo kiwe na mlango unaofunguka kila siku. Mtoto aanze na somo moja analolimudu, tuseme kuchora au kuhesabu, aende nalo darasa la wote akiwa na mwalimu wake kando, akae karibu na ukuta ili awe na upande mmoja tu wa watu, aonywe dakika chache kabla ya kengele, na arudi kabla hajachoka. Mwezi ujao masomo mawili.

Vifaa vya kazi hiyo si ghali. Huko North Carolina, Eric Schopler na wenzake walianza mwaka 1972 mpango uitwao TEACCH, ambao msingi wake ni kumwonyesha mtoto siku yake kwa picha na kumfanya mzazi kuwa mwenza wa mwalimu. Ratiba ya picha inaweza kukatwa kutoka kwenye boksi la sabuni: picha ya uji, picha ya daftari, picha ya mpira, picha ya nyumbani. Zinatundikwa kwa kamba kutoka kushoto kwenda kulia. Kila tendo likiisha mtoto anaigeuza picha. Anajua kinachofuata, na hofu inayomfanya apige kelele inapungua. Mwalimu anayefanya hivi atagundua kwamba baadhi ya watoto wengine darasani, wale wasio na jina lolote la kitaalamu, nao wanaitazama kamba hiyo.

Leo takwimu za elimu za serikali zina safu ya wanafunzi wenye usonji. Mkakati wa taifa wa elimu jumuishi uliandikwa mwaka 2009, ukaandikwa tena mwaka 2018, na uliofuata ukahesabu miaka hadi 2025/26. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini imejengwa Mitengo, na Dar es Salaam si lazima tena kwa kila jambo. Lakini anayejaza safu ile shuleni ni mwalimu, na asiyefundishwa kuutambua usonji humwandika mtoto kwenye safu ya ulemavu wa akili, au humwacha bila safu. Halmashauri hupanga walimu na fedha kwa kufuata safu hizo. Sifuri ikiandikwa, sifuri hupangiwa.

Mwaka 2025 Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada, USAID, miradi yake ya elimu ilisimama. Waratibu wakaondoka. Walimu waliofunzwa wamebaki, wengi wao wakiwa bado katika madarasa ya awali ya kata za Mtwara, Ufukoni ikiwa mojawapo, na wachache waliosomea Patandi wamerudi mkoani. Hatari kwao ni kupangwa ovyo. Mwalimu mwenye stashahada ya elimu maalumu akipangiwa shule ambayo kwenye karatasi haina mtoto yeyote mwenye usonji, atapewa Hisabati darasa la sita kama wenzake, na baada ya miaka miwili ujuzi wake utakuwa umelala. Afisa elimu wa wilaya anaweza kulibadilisha hilo kwa barua moja kabla ya muhula kuanza: mwalimu huyo azunguke shule nne au tano za jirani, siku moja kila shule, akae na watoto wa darasa la kwanza na mama zao, na aandike majina.